Picha ya Mto Uliokauka

Selemba alipenda kupiga picha za mji wao na kuziweka kwenye ramani ya mtandaoni. Asubuhi moja alikuta maoni chini ya picha ya mahali pa kuvukia mto: "Ndugu, picha yako inaonyesha maji yanayofika kifundo cha mguu tu. Tuliiamini. Mke wangu alitangulia kuvuka, mto ukamchukua. Bado tunamtafuta."

Picha ile aliipiga kiangazi, na hakuandika hivyo kwenye ramani.

Alikimbia hadi mtoni. Maji ya matope yalikuwa yakivuma, na mwanamume mmoja alikuwa amekaa ukingoni peke yake, akipekua maji kwa macho.

"Picha ile ni yangu," Selemba alisema. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mwanamume hakugeuka. "Piga nyingine. Watu waone."

Selemba aliinua simu. Mto ulijaa kioo kizima.