Firigisi ya Inspekta

Mama aliweka firigisi kwenye sahani ya mgeni wake, nyota wa runinga.

Alikuwa amekuja Port Victoria kumjulia hali Wesonga, mwana wa mama huyo, aliyeketi kando yake na magongo mapajani. Katika nyumba hii firigisi ya kuku ilikuwa ya Wesonga tangu baba yake afariki.

"Leo ni yako, Inspekta," mama akasema. Nchi nzima ilimwita hivyo, kwa cheo cha askari aliyemwigiza. "Mwanaume mwenye aliruka kutoka daraja ya Sondu hawezi kula shingo."

Hakuruka. Siku ile alisimama ukingoni mwa mto na kikombe cha chai, akimtazama Wesonga akiruka kwa niaba yake, amevaa koti lake, kisogo kwa kamera. Mara ya kwanza Wesonga alitoka majini akicheka. Ni Inspekta mwenyewe aliyetaka aruke tena, eti koti halikupepea vizuri. Mara ya pili alitolewa majini amevunjika mguu.

"Huyu wangu ni bodaboda tu ilimvunja mguu, huko Mamboleo," mama akaguna.

Nyota akairudisha firigisi sahanini. "Mama, ile siku ya daraja..."

"Inspekta," Wesonga akamkatiza, macho kwenye ugali. "Kula. Itapoa."

Akala. Ilikuwa laini, imeiva vizuri.

"Unaona?" mama akamwambia mwanawe, akimwekea shingo. "Mwanaume anakula hivyo."