Kibao cha Bidhaa Kumi

"Mama, hiki kibao hukukiona?" nilimwuliza mwanamke aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya supamaketi. Nilipaza sauti ili na wengine wasikie. "Kimeandikwa bidhaa zisizozidi kumi. Wewe umepanga kumi na saba, nimezihesabu."

Nyuma yangu mtu akacheka. "Mpe vidonge vyake, mzee! Watu wanajitia hawaoni."

Nilijisikia vizuri, sitaficha.

Mwanamke aliinua uso akakitazama kibao. Macho yake yalitua katikati ya maandishi yakaganda hapo hapo. Hayakwenda kushoto wala kulia.

"Nisamehe, baba," akasema taratibu. "Miwani nimeisahau nyumbani."

Puani pake hapakuwa na alama yoyote ya miwani.

Maneno yale nilikuwa nayajua. Mimi mwenyewe niliyasema benki, hospitalini, na shuleni kwa wanangu nilipopewa ripoti zao, hadi nilipotimiza miaka hamsini na mwalimu wa shule ya usiku akanishika mkono tukaandika herufi ya kwanza. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na miwani.

Mwanamke akaanza kurudisha vitu kwenye toroli, kimoja kimoja, akianza na kopo la maziwa ya mtoto.

"Acha tu, mama," nikasema, lakini safari hii sauti ilitoka kama mnong'ono.

"Sema kwa nguvu, mzee!" yule wa nyuma akanihimiza. "Msomee tena!"