Fulana ya Mwisho

Mzee Ussi bin Makame bin Haji, wa ukoo uliosifika kwa kutopunja mizani, alishika fulana nyekundu ya mwisho katika majaribio ya kuchagua wachezaji. Ambaye angeivaa angechukuliwa na klabu kubwa ya kandanda ya Kiaustralia, ichezwayo kwa mpira mfano wa yai. Walibaki vijana wawili: Sudi, mjukuu wake mwenye teke la kusifiwa, na Nyange, mwana wa mhunzi.

Akaurusha mpira juu. Sudi aligeuza macho kumtazama anayemjia. Nyange hakuyabandua yake mpirani, akaudaka, wakagongana, akaanguka nao kifuani.

"Babu, mimi damu yako," Sudi alinong'ona, ameunyoosha mkono kuitaka fulana.

"Ndiyo maana nimekuona vizuri ulipogeuza macho."

Akamvika Nyange fulana, kisha akaurusha mpira tena, juu kuliko mwanzo.

"Enyi vijana, utazameni mpira!"

Mkono wa Sudi ungali umenyooka.