Siku ya Mchezo

Jicho la ukutani katika chekechea ya masista, mashine iliyowapangia watoto kazi ya maisha, halikuwa na mjadala. Likiona mtoto anacheza upishi Siku ya Mchezo, basi ni mpishi mpaka uzeeni. Ndiyo maana mwaka mzima Blandina alimkalisha bintiye Leokadia sebuleni, kijiko shingoni kama kipimo cha daktari, akimfundisha kucheza udaktari. "Rudia. Siyo hivyo. Hulali mpaka ujue!"

Siku ikafika, ikapita. Sista Perpetua akampokea Blandina mlangoni.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Leo."

"Milele, amina. Daktari, Sista?"

Sista akainamisha macho, vidole vikiipapasa rozari. "Askari magereza."

Blandina akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Nilikwambia ucheze nini, Leo?"

"Udaktari, mama. Nikachoka, nikacheza baba na mama. Nikawapanga wanasesere mstari, nikafunga mlango. Nikawaambia warudie, hakuna kulala mpaka wajue."

"Sasa uaskari huo umeutoa wapi, mwanangu?"

Leokadia akamshangaa.

"Askari gani, mama? Mimi nilikuwa wewe."