Kitambaa cha Dada

Kila Bi Raya alipoifunua laptopu yake, kioo kiliwaka, barua aliyomwandikia dada yake ikatokea, kisha kila kitu kikaganda. Abonyeze, apige, mshale hautikisiki. Mwishowe akaamua kuwa ni ishara: miaka tisa ya kununiana haimalizwi kwa barua.

Hata hivyo aliipeleka kwa fundi Makame. Ikipona, barua ataifuta.

Makame hakushika hata bisibisi. Aliipokea ikiwa imefungwa, akaigusa tumboni. Ilikuwa ya moto kama sufuria. Ubavuni palichungulia pindo la kitambaa cha kufuma.

"Mama, hiki cha nini humu?"

"Cha kufunikia vibonye, mwanangu. Kama redio. Kama mtungi."

"Basi ndicho. Kinene, mfuniko haufungi sawasawa. Unadhani imelala, kumbe iko macho inahangaika humo ndani. Ukiifunua imeshachoka."

Alikivuta kitambaa taratibu, akakigeuzageuza. "Lakini kazi safi hii. Kafuma nani?"

Bi Raya alinyoosha mkono, akaligusa pindo. "Dada yangu."

Makame aliizima, akaiwasha, akaifunga bila kitambaa, wakaiacha ilale kweli. Kisha akamsogezea. "Ifunue mwenyewe."

Kioo kiliwaka. Barua ikatokea. Mshale ukateleza chini mpaka neno la mwisho.

"Una haraka na meza yako?" aliuliza Bi Raya.

"Keti tu, mama."

Alikitandaza kitambaa mapajani, akalaza viganja viwili juu yake, kisha akainua kidole kimoja juu ya vibonye, aendelee pale barua ilipoishia.