Zamu ya Mpiga Chapa

Ijumaa ile dereva alipogeuka msukule, ofisi nzima ilicheka. Jumatatu, dereva wao Matonya alipopewa barua ya kupunguzwa kazi, hakucheka mtu.

Hadithi yenyewe ilitoka kwenye intaneti, sehemu moja kila Ijumaa, na mwandishi alijificha nyuma ya jina la bandia. Misukule ilikuwa imevamia ofisi ya serikali, mji haukutajwa. Kila sehemu ilisimuliwa na mtumishi mwingine, mpaka naye akatwe ulimi ajiunge na wenzake. Baada ya dereva ikaja zamu ya mama wa chai. Kisha karani wa masijala. Na kila Jumatatu iliyofuata, barua ilimfikia mwenye kazi hiyohiyo.

Barua zote alizipiga chapa Violeth. Jina alipewa asubuhi hiyohiyo na Mzee Mazengo, Afisa Utumishi, kwa mwandiko wake mwenyewe.

"Mpaka niliandike, hata mkurugenzi halijui," mzee alizoea kusema.

Sasa mwandishi alilijuaje tangu Ijumaa? Violeth hakuzaliwa jana. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa ile suti ya kaki ya Mzee Mazengo. Akaanza kumchunguza: jinsi anavyofunga mlango, jinsi anavyotabasamu peke yake. Kila kitu kilimtia shaka.

Ijumaa ya nne alipita kwenye kafe ya intaneti ya Hasnain, karibu na soko.

"Dada Violeth," Hasnain alisema, "leo kaa kwanza ndiyo usome."

Msimulizi wa leo alikuwa mpiga chapa. Aya ya mwisho, ulimi wake ulikatwa.

Ofisini kwao mpiga chapa alikuwa mmoja tu. Violeth aliogopa, tena sana. Mumewe alishapunguzwa kiwandani mwaka uliopita, na nyumba nzima ilikuwa imeuegemea mshahara wake. Lakini kufika Jumapili hofu ilikuwa imegeuka hasira. Kama ni kufukuzwa, atafukuzwa akiwa amesema. Na ushahidi anao: Hasnain alikuwa amemtolea kurasa zote kwenye printa.

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa mlangoni kwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivi?"

Mzee Mazengo alikuwa amechoka, viatu bado vina vumbi la Gulwe, alikokuwa msibani tangu Alhamisi. Mbele yake palikuwa na karatasi moja na kalamu.

"Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Lakini huku ni kutuchezea! Unatuandika misukule Ijumaa, Jumatatu unatufukuza. Usikatae, hii hapa!" Akazibwaga kurasa mezani.

Mzee akavaa miwani. Alisoma taratibu mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mimi niandike maneno mazuri hivi? Nitayaweza wapi!" Akashusha pumzi. "Wakubwa wanataka jina kila Jumatatu. Na ninyi nyote ni wanangu. Mtu unamchaguaje?"

Akavuta ile karatasi iliyokuwa tupu, akaandika jina, akampa.

"Ahsante kwa kuniletea, mwanangu. Gulwe hakuna intaneti, nilikuwa sijui leo ni nani. Kaipige kabla ya chai."