Dirisha Alilosahau Kulifunga

Jumanne, tarehe nne Juni. Asubuhi ukungu ulitanda, hata nyumba ya jirani haikuonekana.

Kwenye mtihani wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, mama mtu mzima ambaye wanafunzi wenzake walimwita Bibi Mtandao alinong'ona dua, kisha akaiamuru mashine ya mazoezi ifute mafaili yote.

Kidole kikiwa bado kwenye kitufe, akasoma jina la mashine. Ilikuwa ya hospitali anakotunza kompyuta, kwenye dirisha aliloliacha wazi katika skrini yake. Dawa ya kila mgonjwa iliandikwa humo.

“Bibi, umetushinda tena?” mwanafunzi wa dawati la kando akamtania.

Simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa zamu. “Mama, skrini ni tupu. Huyu tumdunge nini?”

Akasimama.

“Msimdunge mtu. Nimefuta mimi. Naahidi mbele ya darasa zima, hatapigwa kalamu mwingine kwa kosa langu.”